Saa ya kujaza ya mzee wangu: inavyolazwa usiku, na kilichotokea tulipoificha

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mdau humu kauliza saa ya mechanical inalazwa vipi usiku isiharibike. Nikaanza kumjibu kwenye comments, maelezo yakawa marefu, na mimi niko kwenye kibanda changu cha viatu, wateja wananiangalia. Nikaona bora nifungue uzi.

Haya yametokea nyumbani kwangu mwenyewe. Chumvi sijatia. Jina la dada yangu tu ndio nimelibadili, maana na yeye yumo humu na ana povu.

Nianze na jibu la yule mdau.

Mzee wangu alikuwa fundi cherehani. Alikuja Dar kijana akitokea Lindi, akapata nafasi ya kuweka cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa kule Mchafukoge, na akazeekea pale pale. Saa yake ni ya kujaza, ile isiyo na betri, unazungusha kitufe cha pembeni kila siku ndipo inatembea. Aliinunua kabla hajaoa. Marehemu mama alikuwa anasema yeye ni mke wa pili, saa ndiyo bi mkubwa.

Sasa anavyoilaza.

Akishaswali Isha anaivua. Ana kitambaa chake cha pamba alichokikata na kukipinda mwenyewe, anafuta nacho mgongo wa saa na mkanda. Jasho la Dar si la mchezo, linakula ngozi na chuma. Halafu anazungusha kitufe taratibu, mpaka kinapokataa. Kisha anailaza kioo kikiangalia juu, ndani ya kopo la biskuti lililotandikwa taulo, mbali na redio. Spika ina sumaku, na saa ya namna hii ikipata sumaku inaanza kukimbia hovyo.

Basi. Aliyetaka jibu tu anaweza kuishia hapa.

Na yule aliyeshauri saa ilazwe kwenye mchele ili unyevu ukauke, mkuu, mchele huo muachie mama watoto apike. Vumbi lake linaingia kwenye mashine.

Tuendelee.

Miaka hii mzee kaanza kusahau. Mwanzoni vitu vidogo, miwani, jina la jirani. Baadaye akatoka asubuhi kwenda kazini wakati cherehani tulishaiuza, tukamkuta amekaa kwenye lile baraza anamsubiri mteja. Ndipo nikamhamishia kwangu hapa Ilala.

Akaja na nguo zake, msahafu na kopo lake la biskuti.

Kwangu ndipo tulipogundua kitu. Mzee akishaijaza saa na kuilaza, baada ya muda kidogo anainuka, anafungua kopo, anaijaza tena. Anakaa. Anainuka tena. Mwanzoni mimi na mke wangu tulikuwa tunacheka chinichini, baadaye kicheko kikaisha. Kila akishika kile kitufe mimi huku naona kama kitavunjika.

Nikampelekea fundi wangu wa saa, jamaa wa rika langu mwenye meza yake karibu na Mnazi Mmoja. Akaifungua, akaichungulia.

"Mashine bado nzima," akasema. "Ila springi imechoka, kaka. Siku mzee akiilazimisha wakati imeshajaa, inakatika. Na spea ya saa hii kuipata ni bahati."

Dada yangu, tumwite Mwanaidi, ni mkubwa kwangu na ndiye mwenye sauti nyumbani. Nikampigia.

"Ifiche," akaniambia. "Ni kumbukumbu ya familia hiyo. Mwenyewe si anasahau? Baada ya siku mbili tatu hataiulizia."

Wakuu, naomba muelewe kwamba hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tulikuwa tunailinda saa yake. Nikaiweka juu ya kabati letu, nyuma ya mabegi.

Mzee hakusahau.

Jioni ya kwanza alifungua kopo, akalifunga, akalifungua tena. Akainua taulo. Akapekua mifuko ya kanzu, akakunja mkeka, akainua godoro. Hakutuuliza kitu. Jioni iliyofuata vilevile. Halafu akawa anakaa tu kitandani na kile kitambaa mkononi, anafuta kiganja chake. Chakula anagusa na kurudisha.

Mke wangu akaniambia yeye hawezi kuendelea kuangalia kitu kile. Nikasema tuvumilie, atazoea.

Kesho yake nikaingia kumsalimia kabla sijaenda kwenye viatu vyangu Mchikichini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hebu kaa hapa."

Nikakaa. Akasogea karibu, akaongea kwa sauti ya chini kama mtu mwenye aibu.

"Niambie ukweli, sitakasirika. Ile saa nimeiuza?"

"Hapana baba."

"Kama nimeiuza sema tu. Najua siku hizi nafanya mambo siyakumbuki."

Kumbe muda wote huo mzee hakuwa akishuku kwamba kuna mtu kamchukulia. Alikuwa anajishuku yeye. Kile kidogo alichobaki na uhakika nacho kichwani, sisi wanawe ndio tulikuwa tunakinyang'anya, eti tunatunza saa.

Ilibidi nimrudishie siku ile ile. Lakini binadamu tuna ujanja mwingi. Nikapita Kariakoo nikatafuta saa nyingine ya mtumba inayofanana nayo, ila automatic, ile inayojijaza yenyewe mkono ukitembea. Hii springi yake ikijaa inateleza tu kwa ndani, ukizungusha kitufe mpaka kesho haikatiki. Nikaivalisha mkanda wa mzee, nikaona nimemaliza kazi. Mwanaidi akanisifia.

Jioni nikampa. Uso ukafunguka! Akaifuta. Akaanza kuzungusha. Akazungusha, akazungusha, akaacha. Akaisogeza sikioni, akazungusha tena kidogo. Kisha akanirudishia kwa heshima zote.

"Hii haina mwisho," akasema. "Ya kwangu ikishiba inakataa. Hii ya mtu, mrudishie."

Wakuu, huyu ni mtu ambaye mchana ule alimuuliza mke wangu mama yuko wapi, na mama tulishamzika.

Nikapanda kwenye kiti, nikashusha saa yake kutoka juu ya kabati, nikairudishia mkanda wake, nikampa. Safari hii sikuondoka, nikakaa sakafuni kuangalia anavyofanya. Akaijaza mpaka mwisho, akailaza. Baada ya muda akainuka, akaitoa, akagusa kitufe kwa vidole viwili. Kikakataa. "Ah, imeshiba," akasema, akairudisha kwenye taulo. Akainuka tena baadaye, ikawa hivyo hivyo. Hakuilazimisha hata mara moja.

Kumbe hakuwahi kuilazimisha. Mimi nilikuwa naona anarudi kwenye kopo tu, hayo mengine niliyajaza mwenyewe kwa hofu. Vidole vilivyoshika sindano na uzi maisha yote vilikuwa vinajua pa kuishia.

Nikamwambia Mwanaidi. Akanitaka nirudie pale pa vidole viwili. Kisha akasema, "Hata ikikatika, ikatike mikononi mwake." Tangu hapo hilo ndilo tumekubaliana. Najua ipo siku na vidole vitasahau, na springi itaondoka. Naumia nikifikiria, ila sitaificha tena.

Ninachoweza kuwaambia wenye wazee wa namna hii ni kwamba kabla hujamuondolea kitu kwa usalama wa kitu chenyewe, kaa sakafuni kwanza umuangalie anakitumiaje. Sisi tulianza na kabati.

Sasa kilichonifanya niandike leo.

Juzi baada ya Isha kaifuta saa, kaijaza, ila hakuilaza. Akaniita. Nilipoingia akanitazama kwa ule upole aliokuwa anawapa wateja wapya.

"Kijana, samahani. Nina mwanangu anaitwa Salum, anauza viatu Mchikichini. Atapita hapa. Saa hii ni yake, naomba umpe."

Salum ni mimi.

Nikaipokea kwa mikono miwili. "Nitampa, mzee."

"Mwambie nimemjazia," akasema. Akajilaza, akageukia ukutani, akapata usingizi mzuri tu.

Asubuhi nilikuta anaitafuta, nikamrudishia, na jioni akaijaza kama kawaida.

Mke wangu anasema nilitakiwa nimwambie palepale kwamba Salum ndiye mimi. Mimi niliogopa kumuona akijishuku tena. Mpaka sasa sina uhakika nilifanya sawa.

Wenye mzazi aliyeanza kukusahau, tafadhali mnisaidie hapo chini. Akikutuma kwako mwenyewe, wewe huwa unajibu nini?