Jitu Lisilotaka Klia

Mdogo wangu alikuwa anatengeneza mashine za vita. Nikisema hivyo watu hugeuka kuangalia mlangoni, kwa hiyo huwa naongeza haraka: za kuchezea, za mezani, na ukiacha moja tu, kubwa yao haikuzidi mtungi wa lita tano. Alitengeneza vifaru vya miguu sita, malori yenye mizinga, na majitu yanayotembea yakiwa yamebeba ngome mgongoni. Vifaa vyake vilikuwa plastiki, plagi za magari zilizokufa, vifuniko vya kalamu, na ule mpira mdogo unaozunguka kwenye kichupa cha manukato ya kwapa. Alikuwa mtu mzima, mume wa mtu, fundi wa kupuliza magari rangi Kawangware 46. Kila Jumapili tukitoka kanisani tulipigana vita, mimi na yeye.

Mchezo wenyewe niliuleta mimi. Mimi nachonga mifupa ya ng'ombe huku Sarang'ombe, Kibera: hereni, vijiko, vishikio vya funguo. Siku moja mgeni fulani aliyekuwa na kazi ya muda hapa Nairobi alikuja karakana akataka dadu za mfupa, ishirini, zenye nukta nyeusi. Alipokuwa anarudi kwao aliniachia katoni nzima: wanajeshi wa plastiki wenye urefu wa kidole, vifaru viwili vya kuunganisha, na kitabu cha sheria za mchezo kilichokosa kurasa za katikati. Mimi niliona takataka tu, nikapanga kumpa jirani awashie jiko. Mdogo wangu ndio kwanza alikuwa ametoka nyumbani Magharibi, analala kwangu Soweto West, hana kazi. Alishinda na kile kitabu siku tatu, kisha akaandika mwenyewe kwenye daftari zile kurasa zilizokosekana. Sheria zake zilikuwa nzuri kuliko za kitabu, lakini sikumwambia.

Na kazi vilevile nilimtafutia mimi. Nilimjua mwenye gereji mmoja, nikaenda nikamsemea. Nilimwambia mdogo wangu kwamba kupuliza rangi ni kazi safi, hakuna kubeba mawe, na kwamba mkono wake ulivyotulia ingekuwa dhambi kuupeleka mjengo. Akaenda. Baada ya muda akapanga chumba kulekule 46, akaoa, na vita vyetu vikahamia kwenye varanda ya ploti yao, juu ya mlango wa zamani tuliouegesha kwenye mitungi minne ya maji. Mwenye ploti, mama mzee Mkikuyu aliyezaliwa hapo wakati bado kuna mashamba, alikuwa akipita anasimama kutucheka.

"Wanaume wazima na ndevu, mnacheza na doli?"

"Cucu, hii si doli," mdogo wangu alikuwa anamjibu. "Hii ni serikali."

Mashine yake ya kwanza iliyeyuka. Aliipuliza kama anavyopuliza mlango wa gari, na thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ikaila. Bati halijali thina, lakini plastiki ni kitu kingine, na asubuhi tulikuta kifaru kimelala kama mandazi yaliyokosa hamira. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka. Alikaa akajifundisha: kwanza anapuliza undakoti, ile rangi ya msingi, kwa mbali, ukungu mtupu, anaiacha ikauke, anarudia, mpaka plastiki inapata ngozi ya kuikinga. Ndipo anapiga rangi ya gari. Ndipo anachukua kipande cha sponji ya godoro, anachovya rangi ya kutu, anagusagusa pembeni kama vile mashine imetoka vitani. Mwisho kabisa anapuliza klia, ile vanishi ya magari isiyo na rangi. Mtu ambaye hajawahi kukaa gereji hajui kwamba rangi ya gari, kabla ya klia, huwa haing'ai kabisa. Imefifia, imekauka, utadhani ni chokaa. Klia ndiyo inayoifanya iamke.

Kazi yangu mimi ilikuwa mianya. Popote vipande viwili vilipokataa kukutana, nilijaza unga wa mfupa kutoka kwenye benchi langu, nikatonesha supagluu juu yake. Inashika kabla hujafunga kichupa, na ukiipiga msasa huwezi kuona paliungwa wapi. Kwa hiyo kila mashine yetu ilikuwa na plastiki yake na mfupa wangu. Naandika hili kwa sababu ndilo jambo pekee katika habari hii yote ambalo bado linanipa raha.

Sheria moja kwenye lile daftari ilikuwa yangu, si yake: mashine ambayo haijaisha haiingii mezani. Kuisha maana yake klia. Nilikuwa mkali sana kwa sheria hiyo. Mimi ni mtu wa kumalizia vitu. Hata kijiko cha mfupa nikikuta kimeuzwa bila kung'arishwa nalala vibaya. Pia nina mdomo, wote wanaonijua wanajua. Mdogo wangu alikuwa mpole, mtu wa kucheka na kuinamisha kichwa, na mimi nilichukulia upole wake kama ruhusa.

Mwaka wake wa mwisho alipunguza mwendo. Mashine zilikuwa zinatoka moja kwa mwezi, halafu hazikutoka. Nilimuuliza, akasema gereji kazi ni chache, na mabaki ya rangi ya kubeba nyumbani hayapatikani. Alikuwa anakohoa. Nilimwambia achemshe tangawizi na ndimu. Nairobi nzima inakohoa, nilimwambia, kwani wewe ni nani?

Jumapili moja akatoa jitu. Lilikuwa limefunikwa na leso ya mke wake, akaliweka mezani, akalifunua. Lilikuwa na urefu wa kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Miguu miwili minene ya mabomba ya maji, kifua cha taa ya pikipiki, mzinga mrefu begani, na juu kabisa kibanda kidogo chenye mlango unaofunguka na dereva ndani ameshika usukani. Kijani chake kilikuwa kinabadilika taratibu, giza chini kwenye nyayo, kikipanda mpaka kinakuwa rangi ya jani changa la muhindi. Hakuwahi kufanya kitu kama kile. Sijawahi kuona mtu yeyote amefanya kitu kama kile. Nikalizunguka, mikono mgongoni, kama mkaguzi.

"Imefifia," nikasema. "Rangi gani hii, ya nursery? Bado klia."

"Hii haitaki klia, bro."

"Haitaki ama wewe ndio hutaki?"

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, akashika ukingo wa meza. "Wacha tu icheze hivyo. Leo tu."

"Sheria ni sheria. Haijaisha, haichezi. Kama umekuwa mvivu leta yale malori ya kitambo."

Alilifunika tena na leso, akalirudisha ndani, akaja na lori la zamani. Nilimshinda mapema sana. Nakumbuka nilifurahi.

Hatukucheza tena. Alilazwa baada ya wiki chache, na hospitalini walisema ni mapafu, kwamba yamechoka yote mawili. Nilisimama kando ya kitanda nikamwambia atoke haraka amalizie lile jitu. Alitikisa kichwa, na mimi nikadhani ananikubalia. Tulimsafirisha nyumbani ndani ya jeneza ambalo vanishi yake ilikuwa imepigwa vibaya, na safari nzima macho yangu hayakutoka kwenye vile vidonda vya vanishi. Afadhali hivyo kuliko kufikiria.

Mwaka ulipokaribia kuisha, mke wake alinipigia simu. Kwetu, kaburi linapotimiza mwaka watu hukusanyika, linajengewa simiti na kuwekwa msalaba. Alitaka jitu liende nyumbani siku hiyo, mama alione, kwa sababu mama alikuwa amesikia tu habari za hizo mashine na alidhani mtoto wake alipoteza Jumapili zake bure.

"Mguu imetoka, shem," akaniambia. "Nisaidie tu kuirudisha. Alisema hiyo ndio kazi yake poa kuliko zote."

Nilikwenda 46 nikalichukua, nikalibeba kifuani kwa miguu mpaka Kibera. Nilirudisha mguu kwa unga wa mfupa na supagluu, nikapiga msasa kwa uangalifu ambao sijawahi kuupa kijiko chochote. Lilisimama. Ilifaa niishie hapo.

Lakini nililitazama pale kwenye benchi, limefifia vile, nikaona ndugu aliyekufa kabla hajamaliza. Nikasema moyoni kwamba alikosa nguvu, au alikosa mabaki ya klia kule gereji akaona aibu kuniomba. Nikasema nitammalizia. Niliona ni heshima, na nisidanganye hapa: niliona pia kwamba likishang'aa, litakuwa halali, nami nitaliweka mezani, na ile Jumapili nitakuwa nimeirekebisha.

Nilirudi kwenye gereji yake. Fundi aliyechukua nafasi yake alinipa bunduki ya kupulizia na klia, na akaliangalia jitu akiwa amekunja uso.

"Mzae, hii ni rangi gani?"

"Ya gari. Huyu alikuwa sprayer."

"Una uhakika? Jaribu kwanza pahali kadogo, chini ya mguu hivi."

"Wewe, mimi ndio nilimleta hii kazi," nikamwambia. "Utanifunza?"

Akawasha kompresa. Nilipuliza koti zito la klia, lenye maji, ninavyopenda mimi. Kwa muda mfupi lilikuwa zuri mno. Kijani kiliamka chote, taa ya kifuani ikameta, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Si unaona?"

Halafu begani pakajikunja. Palianza mikunjo midogo kama ya maziwa yanayopoa, ikashuka kifuani, ikazunguka mapaja. Rangi ilikuwa inainuka na kuachana na plastiki, kwa vipande, na chini yake hapakuwa na undakoti. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa rangi ya maji, ya kuta za nyumba, aliyochanganya mwenyewe na unga wa rangi na kuipaka kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, kile kijani chote kilichopanda taratibu. Thina iliyo ndani ya klia ilipofika kwenye plastiki tupu, mzinga ukaanza kuinama. Niliushika nikauinua, na alama za vidole vyangu zikabaki ndani yake. Kibanda kikazama upande mmoja na mlango ukajifunga, dereva akiwa ndani. Yule fundi alizima kompresa.

Nililipeleka kwa shemeji yangu siku hiyohiyo, kabla sijapata nafasi ya kujitungia uongo. Alikuwa anafua. Alipangusa mikono, akaliangalia lilivyo kwenye kiti, na nikamweleza kwamba nilipiga klia, kwamba sikujua, kwamba mpuliza rangi gani anatumia rangi ya maji.

"Alikuwa ashaacha spray," akasema. "Mwaka mzima. Alikuwa tu anapiga msasa huko nje. Akinusa thina hivi tu, hapumui. Hiyo jitu alipaka hapa mlangoni, na brashi ya mtoto ya shule, sababu ni hiyo tu angeweza."

"Kwa nini hakuniambia?"

Aligusa bega la jitu, na kijani kikabaki kwenye kidole chake. Alikiangalia kidole, akakipangusa kwenye leso.

"Kazi ni wewe ulimtafutia, shem. Alisema ukijua utasema ni uvivu. Alikuogopa wewe kuliko hiyo thina."

Hakusema kwa hasira. Aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, na akarudi kwenye ndoo yake.

Jitu halikwenda nyumbani. Shemeji alisema mama asilione hivyo. Alinipa mfuko wa vikopo vya rangi vilivyobaki, vya mdogo wangu, akisema hana kazi navyo. Siku ya msalaba, simiti ilipokauka, wazee walisema jina liandikwe na mimi, kwa sababu mimi ndiye mtu wa mikono katika familia sasa. Mjomba alileta kopo la rangi ya mafuta na chupa ya thina. Alipoifungua ile chupa harufu ikafika pale nilipokuwa nimepiga magoti, na nikamwambia aifunge na aipeleke mbali.

Niliandika jina lake msalabani kwa kijani chake, kwa brashi yake. Mama alisimama nyuma yangu na mwavuli.

"Hiyo si ni ya maji?" akauliza. "Mvua ikinyesha?"

Nilimwambia nitakuwa narudi kuipaka. Nilisema hivyo mbele ya watu wote, na sauti yangu ilikuwa imara, sauti ya mtu anayejua kumalizia vitu.

Mama alipiga simu mvua za kwanza zilipoanza. Jina limetoka lote, alisema, limeshuka kwenye simiti, sasa msalaba uko mtupu, na nikauliza habari za mahindi. Jitu liko kwenye rafu juu ya benchi langu, limeinama. Vikopo vimekauka. Sijaenda.