Mzee Aliyetokea Dirishani

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na digrii ya sosholojia, bahasha ya kaki na mama aliyechoka kuniona. Yeye aliuza mitumba sokoni Migori, na hakuelewa mtu aliyesoma anawezaje kulala hadi saa tatu asubuhi. Kwa hiyo aliposikia kanisani kwamba kuna mpango wa afya na burudani kwa wazee kule Kosele, na kwamba wanatafutwa vijana wa kujitolea, hakuniuliza. Alinifungia begi akanituma kwa shangazi yangu. Ndipo nilipojua kwamba kujitolea ni kazi ambayo mtu mwingine anaweza kukuamulia.

Mpango wenyewe ulikuwa na ukumbi wa mabati wa kanisa, mpira mmoja wa plastiki, filimbi, na mwongozo uliochapwa na watu ambao sidhani waliwahi kukanyaga Kosele. Kila Jumanne, wanawake waliokuwa wamechota maji na kupalilia tangu alfajiri walitembea maili mbili ili mimi, niliyetoka kitandani, niwafundishe kunyanyua mikono. "Juu! Chini!" Walinyanyua. Walikuwa wapole sana. Waliniita japuonj, yaani mwalimu, kwa sauti ile mtu anayotumia kumsifia mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Chai ikiletwa, mazoezi yalikwisha yenyewe.

Mmoja tu ndiye aliyekuwa na haja nami. Bibi huyu alikuwa amepatwa na kiharusi mwaka uliotangulia. Mkono wa kulia ulilala, mguu aliuburuta, lakini ulimi haukuguswa kabisa. Siku ya kwanza nilimuuliza, kama mwongozo ulivyoagiza, malengo yake ni yapi.

"Malengo ndiyo nini?"

"Unataka nini, dana?" Dana ni nyanya; hapo angalau sikukosea.

"Nataka kumega ugali mwenyewe. Mke wa mwanangu ananilisha kama kifaranga. Ni msichana mzuri. Ndiyo maana inauma."

Nikampa mpira aubonyeze. Wiki ya kwanza ulidondoka. Wiki ya sita vidole viliushika hadi nikahesabu kumi, na ukumbi ukapiga vigelegele. Nilianza kushuku kwamba huenda tulikuwa tunafanya kitu cha maana. Wazo hilo lilinisumbua, kwa sababu nilikuwa nimekuja tayari kudharau kila kitu.

Ndipo akaja mzee mpya. Alikuwa amechimba dhahabu Masara miaka mingi, akarudi na mgongo uliopinda na kofia nzuri ya pama. Kule nje alichekesha kila mtu. Lakini alipoingia na kuona walioketi, alikwenda moja kwa moja chini ya dirisha, akaugeukia ukuta, akafanya mazoezi yote akiutazama. Fomu yangu ilikuwa na kisanduku cha "kujitenga", nami nikakitia alama kwa furaha. Hatimaye nilikuwa na mgonjwa wangu mwenyewe.

"Japuonj," akasema mwanamke aliyetupikia chai, "si wanaume wapewe siku yao?"

Nilimweleza kwa subira kwamba mwongozo unataka wanaume na wanawake wachanganyike, na kwamba dunia inabadilika.

"Haya," akasema. Nilidhani amekubali.

Jumanne iliyofuata tulifika ukurasa wa "duara la urafiki". Wote walipaswa kushikana mikono, watazamane, watabasamu. Walitengeneza duara lenye pengo, na mzee akabaki ukutani kwake. Nikamwendea, nikamshika bega kwa upendo wa kitaalamu, nikamgeuza na kumwongoza hadi kwenye pengo, ubavuni mwa bibi. Nikaushika mkono wake, nikaunyanyua ule wa bibi uliolala, nikaikutanisha.

Bibi aliuvuta mkono kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona katika wiki zote za mpira, akajifunika uso kwa leso. Mzee akatazama mlango. Ili kuufikia ilibidi ampite bibi. Basi akapanda benchi, na mgongo wake huo huo, akatokea dirishani. Tulisikia akianguka kwenye shamba la mahindi la pasta wa kanisa.

"Umemshikisha mkono mama mkwe wake!" akasema mwanamke wa chai.

"Lakini mzee amemzidi umri!"

"Kwani umri ndio ulioolewa? Amemwoa binti yake. Mke wa tatu."

Kwetu mtu na mama wa mkewe hawagusani, hawali pamoja, hawakaribiani ovyo. Nililijua hilo. Tena nilikuwa nimeiandikia desturi hiyo insha ya kurasa kumi na mbili chuoni, nikasifiwa. Katika kurasa zote hizo, hakuna mahali nilipogundua kwamba mtu anaweza kuulizwa, "Huyu ni nani kwako?"

Jumanne iliyofuata bibi hakuja. Wala ile ya pili. Nikaenda kwake, nikamkuta akilishwa. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeanza kukunjika tena. Alimeza kwanza.

"Japuonj. Huko chuo kikuu walikuwa wanawapa chakula gani?"

"Nisamehe, dana. Rudi. Mkono utakauka."

"Utakauka, ndiyo. Lakini yule naye mgongo unamuuma. Nimfukuze mkwe wangu kwenye dawa yake? Acha yeye aende."

Nikatembea hadi kwa mzee, nikiwa na hotuba tayari ya kumwomba ampishe mgonjwa. Alikuwa akichonga mpini wa jembe.

"Nimpishe mara ngapi?" akauliza. "Mimi sijarudi huko tangu siku ile. Nimekaa hapa ili yeye aende."

Majuma mawili, nafasi mbili tupu, kila mmoja akimwachia mwenzake. Mwongozo ulikuwa na sura nzima ya kuwafundisha wazee kujali hisia za wengine.

Nikatangaza, kwa sauti ya mtu aliyebuni jambo, kwamba wanaume watakuja Alhamisi.

"Haya," akasema mwanamke wa chai. Ilikuwa haya ile ile. Kwenye ripoti niliandika kwamba uamuzi ulitokana na utafiti wa kina.

Bibi alirudi. Ilimchukua mwezi mzima kufidia yale majuma mawili niliyompotezea. Mavuno yalipoanza aliniita kwake kula. Mke wa mwanawe akaweka ugali na omena katikati yetu, akanyoosha mkono kwa mazoea.

"Wacha," akasema bibi.

Akamega. Tonge lilikuwa dogo, limekaa vibaya. Likamwangukia mapajani. Akalifuata kwa mkono ule ule, akalipeleka mdomoni. Sisi wawili tuliwatazama kuku kwa makini sana.

"Ukitoka hapa, pitia kwa mkwe wangu," akasema huku akitafuna. "Mwambie mkono umerudi. Mwambie sijasahau kwamba aliruka dirisha kwa heshima yangu."

Nilimkuta mzee uani kwake, nikampa ujumbe. Alivua kofia akaishika kifuani, kana kwamba aliyeutuma amesimama upande wa pili wa ua. Kisha akaivaa, akanitazama.

"Sasa mwambie pasta alipanue lile dirisha," akasema. "Nina mama mkwe mwingine aliye hai, na wewe bado una filimbi."