Samli Iliporudi Juu

Iliki na samli ya moto ndiyo harufu ya utoto wangu. Iliniganda hadi kwenye sweta ya shule, na wenzangu ndani ya basi la Coventry Road walinisogelea wanuse. Baba alikuwa mpishi wa halua, kazi aliyoirithi kwa babu yangu Unguja, na nyuma ya duka letu la Small Heath, huku ughaibuni, alikuwa na sufuria ya shaba isiyoguswa na mwingine. Mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili mapafu yake yalianza kumwangusha. Kaka yangu alishasema hataki kunuka samli maisha yake yote, basi zamu ikaniangukia mimi. "Samaki mkunje angali mbichi," Baba alimwambia Mama, akanikabidhi mwiko ulionizidi urefu. Alikuwa na haraka, na sote tulijua ya nini, ila hatukuisema.

Hakupima kitu. Sukari ilikuwa makonzi yake, wanga makonzi yake, nami nilikoroga kila Jumamosi mpaka mabega yakawaka, kisha yeye akaupokea mwiko na kuimalizia mwenyewe. Siku tuliyopikia watu halua ya harusi kikohozi kilimshinda, akapanda juu kujilaza. "Koroga tu, mwanangu, usiiache. Ikiiva utaiona mwenyewe." Nilikoroga. Halua ikainywa samli yote, ikang'aa, kisha samli ikaanza kurudi juu. Nikaingiwa na hofu kwamba nimezidisha. Nikaichota yote kwa upawa, nikaimwaga kwenye sinki, nikaongeza wanga. Baba aliposhuka nilimwambia kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi yangu, kwamba nimeiokoa. Akatazama ule mchanganyiko kama ugali na gundi uliojaa sufuria, akakaa chini palepale sakafuni.

"Samli ikirudi juu ndiyo imeiva," alisema. "Nilidhani nishakwambia."

Maji yakimwagika hayazoleki. Aliwapigia simu watu wa harusi mwenyewe, akiomba radhi kati ya pumzi na pumzi, na mimi nikitamani anipige. Hakusimama tena jikoni. Alifariki kabla ya Ramadhani.

Duka sasa linatengeneza simu, na mimi nafanya kazi ya ofisini. Dalili ya kuiva naijua vizuri mno. Vipimo vya kabla yake vilibaki kwenye makonzi ya Baba. Juzi binti yangu, mwenye umri kama wangu wa wakati ule, aliniomba nimfundishe halua ya babu yake. Nikawasha jiko, nikatia mkono kwenye sukari, akasubiri. Nikazima jiko. Sikuwa na cha kumrithisha.