Kiboko Aliyekata Tiketi na Ubao wa Hana

Mjukuu wangu Queen ana simu inayomla macho. Jioni hunisomea habari za Wanigeria, watu wa blogu. Anasema kule kwao mtu mmoja tu, hana ofisi wala bosi, anakaa nyumbani anaandika nani kaoa, nani kaachwa, mkubwa gani kasema nini. Watu wanasoma wengi kama siafu, na chini yake kila mmoja anaweka lake, huyu anasifu, yule anatukana. Walianza wachache, sasa kila mtaa una wake. Queen alidhani ananishangaza. Nikamwambia, mjukuu wangu, hiyo blogu tulikuwa nayo hapa Mpanda stesheni, mwaka tisini na sita. Ilikuwa ya mlango.

Mwenye mlango alikuwa Hana, mwanamke wa Kifipa, mwembamba, amemaliza darasa la saba na mwandiko wake ulinyooka kama reli. Mumewe alikwenda kuvua Ikola akanogewa na ziwa, hakurudi. Hana akafungua banda la chai na uji kando ya uzio wa stesheni. Watu wakawa wanamchosha: treni imetoka Kaliua? Itafika saa ngapi? Akachoka kujibu. Akachukua mlango wa choo kilichoanguka, akaupaka unga mweusi wa betri za redio uliopondwa na majani ya viazi, akausimamisha nje ya banda. Chaki hakuwa nayo. Aliandikia kopa, kipande cheupe cha muhogo mkavu.

Siku ya kwanza aliandika habari za treni. Siku ya pili akaongeza bei ya dagaa. Wiki haikuisha, ubao ukasema ng'ombe wa nani kapotea na ana rangi gani, mtoto wa nani kafaulu, na mwanamume gani kaonekana Mwamkulu akinunua kitenge ambacho mke wake hajakiona. Pale chini ya ubao alining'iniza kopa kwa kamba, msomaji naye aandike lake. Yule wa kitenge alikuja akaandika, "Kilikuwa cha dada yangu." Chini yake mtu akaandika, "Huna dada." Watu walikunywa uji vikombe vitatu vitatu wakingoja jibu.

Mimi sikusoma. Nilikuwa napita pale kila siku ya treni na maziwa yangu kutoka kijijini kwetu Mwamkulu, Hana ananisomea, na mimi namlipa kwa uongo. Uongo wangu watu waliupenda, akautengea sehemu yake pale chini. Ila Hana alikuwa mwaminifu. Kila mara alimalizia na mstari wa mwisho kabisa: "Huu ni uongo wa Mama Malale."

Jambo moja tu lilimkosesha raha. Bwana Yotham, mkuu wa stesheni, alimwonya mbele yangu.

"Hana, hapa ni mahali pa serikali. Siku ubao wako ukiniletea fujo, nauchanja kuni. Na banda linaondoka nao."

"Haujawahi kusema uongo, mzee."

"Na huyu je?" Akaninyooshea kidole.

"Wangu umeandikwa jina," nikamjibu. "Wa kwako ule wa saa ya kufika treni haujaandikwa."

Hana akanifinya paja.

Basi, siku hiyo ya treni nilimpa huu. Kiboko mmoja wa Katavi alikwenda Tabora kutembea, anarudi leo kwa treni. Amekata tiketi daraja la tatu, maana vitanda vya daraja la pili vinambana kiuno. Atashuka saa tisa, wanaomfahamu wafike kumpokea. Hana akaandika huku akicheka, akaweka mstari wake wa mwisho, akaenda kuteka maji.

Sasa, mbuzi wanapenda makopa. Hilo hata asiyefuga analijua. Walikuja wawili, wakaulamba ubao kwa chini, kwa urefu wa shingo zao, yaani mstari mmoja. Mbuzi wa nani, tuyaache kwanza. Mimi nilipita nikauona ubao uko vizuri tu. Kwa asiyesoma, ubao mzima na ubao uliolambwa ni mapacha.

Baiskeli zikapeleka habari Mwamkulu na vijiji vya jirani. Ubao wa Hana umesema, nani abishe? Saa nane stesheni haikuwa na mahali pa kutema mate. Waliojua kuwa ni uongo walikuja kuwatazama wasiojua. Akina mama walibeba watoto mabegani. Kuna mtu alileta mzigo wa majani mabichi.

Bwana Yotham akatoka ofisini mbio.

"Hana, umefanya nini? Leo nashukiwa na mkaguzi wa reli kutoka Tabora. Leo, katika siku zote."

Hana akakimbilia ubao wake, akauona umelambwa. Akanigeukia. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mama Malale," akasema polepole, "wale mbuzi uliokuja nao asubuhi wako wapi?"

Nikajifanya nakohoa. Bwana Yotham alikuwa ameshamtuma mtu kuleta shoka.

Treni ikapiga honi. Behewa likasimama mbele yetu, mlango ukafunguka, akatokea mkaguzi. Na Mungu anisamehe, aliujaza mlango ule wote. Ilibidi atoke kwa ubavu.

Mzee Masalu, jirani yangu, akaninong'oneza, "Mayu, mama, mbona amevaa suti?"

Nikaona yule mtu anautazama umati, na umati unamtazama yeye, na mahali fulani mtoto anavuta pumzi ili aulize. Nikawahi. Nikapiga kigelegele ambacho hadi leo kuna mwangwi wake milima ya Mlele. Akina mama wakadakia. Mwenye majani akayatandaza mkaguzi apite juu yake. Watu walipiga makofi, maana wametembea mbali na ilibidi wampokee mtu.

Mkaguzi akatoa leso, akafuta macho.

"Nimekagua stesheni miaka kumi na tisa," akasema. "Sijawahi kupokewa hata na kuku. Bwana Yotham, umewaitaje watu wote hawa?"

Bwana Yotham akautazama umati. Akamtazama Hana. Kisha akasema, "Kwa ubao, mzee. Tuna ubao wa matangazo."

"Uko wapi?"

Shoka limeshafika, aliyelileta kasimama nalo kando ya mlango wa Hana kama mlinzi. Mkaguzi akausoma ubao wote, taratibu, mpaka kule chini kwa kiboko. Akacheka mpaka vifungo viwili vikamruka.

"Daraja la tatu kweli lina nafasi," akasema. "Huu ubao nataka niukute ukutani, ndani ya stesheni, siku nikirudi."

Ukapigiliwa ukutani jioni ile ile, kwa mgongo wa shoka lile lile, na banda likahamia chini yake. Mwaka uliofuata Mwamkulu kulikuwa na ubao wa mtu aitwaye Enoka, wa habari za mpunga na ng'ombe, Ikola wakaandika juu ya mtumbwi mbovu. Na mkaguzi alipofika Tabora alituma boksi zima la chaki.

Siku treni ilipoleta chaki hiyo nilipita na maziwa. Hana akanisomea alichoandika msomaji mmoja asiyetajwa jina: "Kiboko tumemwona. Mnene, lakini mpole." Pembeni mbuzi wangu wawili walikuwa wamesimama wanautazama ubao kule juu ukutani, mmoja akaokota kipande cha chaki, akakitafuna, akanitemea miguuni.