Nusu Kichwa cha Mwenyekiti

Jumatano nilikuwa kwa kinyozi mjini Homa Bay, kutunza nywele chache nilizorudi nazo baada ya kuzunguka dunia. Kinyozi huyo ndiye beki wa kushoto wa klabu ya mtaa, na kitini alikaa mwenyekiti wa klabu hiyo hiyo.

"Omera, ndugu yangu," mwenyekiti akamwambia kinyozi, "mkikubali nusu mshahara mpaka msimu uishe, tutapata nauli ya kwenda kucheza Migori. Tukikosa mechi hiyo, tunafukuzwa ligini."

Mashine ikazimwa. Kichwa kilikuwa kimenyolewa upande mmoja tu.

"Mwenyekiti, nusu inatosha?" kinyozi akauliza.

Mwenyekiti akajitazama kiooni, akacheka mpaka shuka ikateleza. "Maliza, bwana!"

"Nitamaliza, na nusu yako nimekubali. Lakini wewe unaacha nini?"

Mwenyekiti akapapasa upande wenye nywele. "Marupurupu yangu yote. Na basi la Migori nitapanda pamoja nanyi."

Mashine ikanguruma tena. Mimi naona wachezaji wakubali kukatwa, mradi kiongozi akalie kiti kile kwanza.

Zamu yangu ilipofika nikaomba nusu bei, maana nywele zenyewe ni robo.

"Jaduong', mzee wangu," akasema akinifunga shuka, "wewe klabu haijakusajili."