Yai Halina Kitufe

Ukutani kwangu, juu ya kompyuta namba tatu, nimebandika karatasi ya ushauri kwa wanaoanza kucheza kama joka katika mchezo mmoja wa mtandaoni. Niliiandika kwa hasira. Watu walikuwa wanachagua joka kwa sababu ya mabawa, kisha baada ya dakika kumi wananijia juu kwamba mashine yangu mbovu, haifanyi kitu. Mashine si mbovu. Katika mchezo ule joka huanza likiwa yai, na yai halina kitufe. Hata kimoja. Kama unataka kuruka leo leo, chagua mpiga mishale, uniache nipumzike.

Karatasi yenyewe inasema hivi. Siku tatu utakuwa yai, siku nne utakuwa kinda, na siku zote saba utakuwa bubu. Kila siku ukae mchezoni saa moja nzima, la sivyo siku hiyo haihesabiki. Usichague kiota kwa uzuri wa mlima wake, chagua kiota chenye joka kubwa linalokuja kila siku, maana hilo ndilo litakalokuatamia na kukulisha. Usitoke kiotani mabawa hayajakauka. Na la mwisho, ambalo nimelipigia mstari kwa wino mwekundu: kitufe cha sauti kiguse tu, usikishikilie. Ukikigusa, kinda hulia. Ukikishikilia, hutema moto, na kinda anayetema moto kiotani huungua mwenyewe na kurudi kuwa yai.

Hakuna aliyekuwa akiisoma. Nimeshika duka hili la intaneti miaka tisa na nimejifunza kwamba mteja husoma baada ya kuharibu. Mtu wa kwanza kumwona akiisoma neno kwa neno, kidole kikitembea chini ya mistari, alikuwa dobi wa mlango wa tatu kutoka kwangu.

Huyu bwana nguo zangu zote zimepita mikononi mwake. Bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto kwa miaka thelathini ya kushika pasi. Anapima moto kwa kidole kilicholowa, kola kwanza, mikono baadaye, mgongo mwisho. Nguo nzito huwa haifanyii papara. Anaweka pasi, anahesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, nne, ndipo anainua. Ukipita barabarani utamsikia akihesabu kama mtu aliyepotelewa na kitu.

Jumamosi ile alivua viatu mlangoni, jambo ambalo hakuna anayelifanya dukani kwangu, akaniambia, "Dada, nataka kuwa joka."

Nilicheka mpaka nikakaa. "Kaka, na umri huo? Magoti yenyewe yanalia ukipanda ngazi, mabawa utayaweza?"

Hakucheka. Alisubiri nimalize, kwa adabu, kama anavyosubiri mteja anayetafuta risiti mfukoni. Kicheko kikaniishia chenyewe. Ndipo akanieleza.

Ana binti mmoja tu. Mwaka juzi binti alipata kazi mji mwingine, baba akakataa, maneno yakawa mengi. Dobi alikuwa mezani anapiga pasi. Akamwambia mwanawe, "Ukivuka kizingiti hiki, usirudi." Binti akavuka. Baba akabaki amesimama pale pale, pasi juu ya shati la mteja, hakuhesabu, mpaka moshi ukampanda usoni. Ndilo shati pekee aliloliunguza maishani. Binti akabadili namba ya simu, na kwa kiburi cha pande mbili hakuna aliyemtafuta mwenzake.

Sasa mkewe ana uvimbe tumboni. Alikuwa apasuliwe Jumatatu ya wiki inayofuata, na daktari hakuwaficha kwamba hali si nzuri. Mama hakuomba dawa wala dua. Alisema anataka kusikia sauti ya mwanawe kabla hajaingia chumba kile, hata kwa simu, hata aitikie tu. Dobi akazunguka kwa kila aliyemjua binti. Namba hawakuwa nayo, wala anwani. Rafiki yake mmoja wa shule, naye alisikia tu kwa watu, ndiye aliyesema: kila siku saa kumi na moja jioni yumo kwenye mchezo ule wa majoka, kiota cha Jabali Jekundu, anatunza mayai ya wageni.

"Na jina analotumia?" nikauliza.

"Binti wa Dobi," akasema, akaangalia viatu vyake mlangoni.

Moyo uliniuma, sitaki kudanganya. Mtoto aliyefukuzwa anajiita kwa kazi ya baba yake mbele ya watu asiowajua! Nikampa kompyuta namba tatu.

Sasa mtu atauliza, kwa nini mimi mwenyewe nisimwandikie binti ujumbe humo humo mchezoni? Mimi mchezoni ni mganga wa mitishamba, binadamu, na majoka hayasikii lugha ya binadamu. Wala barua ya binadamu hayapokei. Ndivyo mchezo ulivyotungwa, na aliyeutunga sijui alikosana na nani. Nikawauliza wateja wangu wote kama yupo mwenye joka lililokomaa. Wapiga mishale watupu. Nani ana subira ya siku saba? Dobi aliyeanza Jumamosi angepata sauti Jumamosi inayofuata, siku mbili kabla ya mkewe kupasuliwa. Ilitosha, kwa shida.

Siku tatu alikaa mbele ya yai. Mikono aliiweka mapajani kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Saa kumi na moja joka la kijivu linatua kiotani, jina lake limeandikwa juu ya kichwa (mayai na makinda hayapewi jina mpaka yaanze kusema), linatandaza bawa na kuyaatamia mayai, na mstari wa joto chini ya skrini unapanda. Dobi anautazama ule mstari. "Anajua kupasha," aliniambia siku ya pili. "Haunguzi."

Jumanne yai likapasuka. Kinda la dobi lilikuwa baya, shingo ndefu na tumbo kubwa, tukacheka wote wawili. Binti wa Dobi akaja na kipande cha nyama mdomoni, akamwekea miguuni. Kumbe baba mtu hajui kula! Nilimwonyesha kitufe cha kula. Akaweka kidole, moja, mbili, tatu, nne, akainua.

"Kaka, gusa tu. Hii si pasi."

"Nimezoea, dada."

"Zoea kingine. Ukifanya hivyo kwenye kitufe cha sauti tumekwisha."

Akaitikia. Akasoma tena mstari mwekundu. Siku zile nne aliniuliza maswali kama mwanafunzi anayeogopa mtihani: kinda akilala atakosa chakula? Akiinamisha kichwa ni dharau? Nikamwambia hapana, makinda huinamisha kichwa kushukuru. Basi akawa anainamisha kichwa kila anapolishwa, mpaka Binti wa Dobi akaanza kumpa yeye kwanza kabla ya wengine. Jioni anapita nyumbani kumsimulia mkewe. Mkewe aliniambia mwenyewe nilipokwenda kumwona, sauti haba, lakini anacheka: "Wifi yangu, mzee anatoka huko ameshiba. Ati amelishwa na mwanawe."

"Na wewe utasikia sauti yake Jumamosi," nikamwambia. Nilisema hivyo. Mdomo wangu huu.

Ijumaa, siku ya saba, printa yangu ilikwama karatasi na mimi nikawa nimepiga magoti chini ya meza nikiivuta. Binti wa Dobi alikuwa amekuja. Wazoefu wa mchezo ule wana desturi yao: kinda likifika siku ya mwisho, mlezi hushusha kichwa na kuligusa kipaji cha uso kwa pua, maana yake kesho utasema. Sikuiandika kwenye karatasi. Sikuona kama ni ushauri. Mwanawe alimshushia kichwa, akamgusa, na yule mzee akataka kuitikia. Baba gani asingeitikia?

Nilisikia kutoka chini ya meza, "Moja, mbili—"

"Inua!" nikapiga kelele. Nikagonga kichwa kwenye meza. "Inua mkono, kaka!"

"—tatu, nne."

Nilipofika kiota kilikuwa kinawaka. Binti wa Dobi alikuwa akipiga mabawa kuzima moto, akiwasogeza makinda wengine pembeni. Moto ulipokwisha, mahali pa kinda wetu palikuwa na yai jipya, jeupe, na chini ya skrini: siku saba.

Dobi aliinua kidole chake akakitazama. Afadhali angenitukana mimi, mwenye printa. Alivaa viatu, akashindwa kufunga kamba, nikamfungia.

Nilijaribu, Mungu anajua. Jumamosi na Jumapili niliingia na mganga wangu nikapanda Jabali Jekundu kwa miguu. Nilikufa mara nne. Binti yule analinda mayai yake kwelikweli, binadamu akikaribia kiota anamtia moto kabla hajafungua begi. Mara ya tatu nilipanga mitishamba chini ili iandike neno MAMA, akaichoma pamoja na mimi. Alikuwa analinda yai la baba yake dhidi yangu. Ningemzaba kofi, na ningemkumbatia, vyote kwa mkupuo mmoja. Tulipiga simu kwa wenye mchezo, ikaitikia mashine, ikatushukuru kwa subira yetu.

Dobi siku zote mbili alikuja, akakaa saa yake. Nilimuuliza amemwambia nini mkewe.

"Nimemwambia bado kidogo."

Jumatatu alinijia asubuhi, shati lake limenyooka kama la bwana harusi. "Dada, leo nitakuwa hospitali. Nikalie yai langu. Siku isipotee."

Saa kumi na moja kamili nilikuwa namba tatu. Niliwafukuza wateja waliokuwa wakipiga kelele. Binti wa Dobi alitua kama kawaida yake, akazunguka kiota mara moja kukagua, akafika kwenye yai letu. Mayai mengine yalikuwa mawili, lakini alilivuta hili karibu na kifua kwanza. Nadhani alimkumbuka yule kinda wa adabu. Akatandaza bawa, akatulia. Mstari wa joto ukaanza kupanda.

Simu yangu ikalia.

"Amekuja?" Ilikuwa sauti ya dobi, nyuma yake magurudumu ya kitanda yakipita.

"Amekuja, kaka."

"Anafanya nini?"

"Amekuatamia. Ameanza na wewe."

Nikamsikia akivuta pumzi, akaishusha. "Mama yake ametutoka, dada. Hawakuweza kumwamsha. Nimetoka kumfunika sasa hivi." Kisha akauliza tena, kama hakusikia, "Yupo bado?"

"Yupo. Hajaondoka."

"Basi mwache. Ana kazi."

Simu ikakatika. Mbele yangu binti alikuwa amefumba macho, bawa limetanda, anampasha moto baba yake, na habari ya mama yake iko kwenye simu mkononi mwangu, hatua moja kutoka kwenye kioo. Nikaweka simu chini. Nikaanza na kitufe cha sauti. Nikabonyeza, nikashikilia, moja, mbili, tatu, nne. Yai halikutikisika. Nikabonyeza cha pili. Nikabonyeza vyote, herufi kwa herufi, namba kwa namba, kila kimoja nikikihesabia hadi nne, mpaka saa yake ilipotimia na joka la kijivu likainuka, likageuza yai upande mwingine ili lisipoe, likaruka.

Yai halina kitufe. Nimeandika mwenyewe ukutani.