Nilifyeka nyasi za uwanja wa gofu wa zamani, mwenzangu akabebeshwa kosa

Wakuu, salaam kutoka Birmingham.

Nimekaa na hili jambo wiki kadhaa, limenikaa vibaya. Nitaliandika lilivyo, hata pale linaponiumbua mwenyewe. Shule yangu ni darasa la saba, lugha mtanisahihisha. Ila matukio ninayo kwenye daftari, huwa naandika nikitoka kazini.

Naishi Newtown. Kazi yangu ni kutunza uwanja wa gofu, upande wa Sutton Coldfield kwa wenye nazo. Aliyenitafutia kazi ni Papa Moïse, Mkongo wa Bukavu tunayesali naye kanisa moja. Ana watoto wanne. Kila asubuhi ananipitia na gari lake.

Uwanja wenyewe una zaidi ya miaka mia. Sio gofu ile ya kwenye TV, kijani kitupu kama zulia. Aliyeuchora aliiga viwanja vya pwani ya Scotland: miti hakuna, upepo unapiga unavyotaka, ardhi ina mabonde na vichuguu. Kuna mashimo makubwa ya mchanga, wenyewe wanaita bunkers, na pembeni yake nyasi ndefu za rangi ya makuti makavu.

Mara ya kwanza kuuona nilidhani umetelekezwa. Siwafichi.

Sasa, wiki yangu ya tatu, bado niko probation, yaani kipindi cha majaribio. Bosi wetu, Mwingereza anaitwa Graham, akaniambia nikasawazishe mchanga kwenye bunker kubwa ya namba saba (uwanja umegawanywa kwa namba, moja hadi kumi na nane). Mchanga tu. Yeye akaenda kwenye kikao, Moïse alikuwa na mashine kubwa upande mwingine kabisa.

Nikamaliza mapema. Nikaziangalia zile nyasi, zinafika magotini, zimening'inia mpaka shimoni. Na Jumamosi kuna mashindano, wageni wanakuja.

Wakuu, nyie mmesoma Bongo. Mnajua kila mtu na eneo lake, fyekeo mkononi, mwalimu wa zamu anapita na fimbo. Nyasi ndefu kwetu ni uvivu, na ni nyoka.

Nikaenda store nikachukua mashine ya kufyekea. Nikafyeka pote, nikakusanya, nikatupa. Nikasimama kuangalia kazi yangu, raha tupu.

Daftarini siku hiyo nimeandika: "Leo nimejituma."

Kesho yake, Jumatano, tulimkuta Graham amesimama namba saba, mikono kichwani. Hakupiga kelele, hilo lazima niseme. Akaenda kwenye ubao wa store, pale tunapoandika majina tukichukua vifaa. Mashine ya kufyekea ilikuwa na jina la Moïse. Ni kweli alijiandikisha asubuhi ya Jumanne, kisha akabadilishiwa kazi. Mimi nilichukua bila kuandika. Sio ujanja, ni haraka zangu tu. Au labda najitetea, sijui.

Moïse akakana. Lakini mwaka huu alishapewa onyo moja kwa kosa lingine. Graham akasema Ijumaa kamati ya klabu itakaa, na ikionekana ni yeye, kazi hana.

Mimi nilikuwa hapo hapo, nimeshika reki. Nikaenda kuendelea na kazi.

Tukirudi, Moïse akapunguza mwendo akaniambia, "Ndugu yangu, kama ni weye, uniambie. Tuko wawili tu humu. Sitakasirika."

"Sio mimi, Papa."

"Bon. Basi Mungu anajua."

Kuanzia hapo sikutulia. Nakaa, nasimama, natoka nje, nazunguka flats zote za kwetu, narudi, natoka tena. Nikisema, probation ndio imeisha hivyo. Nikinyamaza, wale watoto wanne. Nikajiambia labda kamati itamhurumia. Hata mimi sikujiamini.

Alhamisi, kabla ya chai, nikaingia kwa Graham. "It was me. Number seven. Not Moïse." Kiingereza changu chote kikaishia hapo.

Akanipeleka mpaka pale wachezaji wanapoanzia namba saba, akaniuliza naona nini. Nikasema naona bunker.

"Exactly," akasema. "Hukutakiwa kuiona."

Kumbe mzee aliyechora aliificha makusudi. Mchezaji aone nyasi, ahisi kuna shimo, asijue linaanzia wapi. Apige juu yake au azunguke, aamue mwenyewe na wasiwasi wake. Ule wasiwasi ndio mchezo. Mimi nimeuanika kama sahani mezani. Akasema zile nyasi zitachukua miaka kukaa tena vile. Akaongeza kwamba nilifyeka vizuri sana, na hicho ndicho kinachomuuma.

Nikapewa onyo la maandishi, probation ikaongezwa miezi mitatu. Kwa haki yake, Graham alimwomba Moïse radhi mbele yetu wote.

Lakini Moïse nilimwambia mwenyewe, kwenye gari, siku ile ile. Akaendesha mpaka tukafika Newtown. Kisha akasema, "Ile majani, ni makosa tu, kila mutu anakosaka. Lakini weye, nilikuuliza."

Mpaka leo ananipitia. Anapiga honi, naingia, anafungulia nyimbo za dini, hatuongei mpaka kazini. Jumapili mkewe ananikumbatia na kuniuliza habari za nyumbani, anacheka vilevile. Maana yake Moïse hajamwambia. Hicho ndicho kinachonikosesha raha kuliko onyo la Graham.

Nilichojifunza: ukifika kwa watu ukakuta kitu kimekaa ovyo, uliza kwanza nani alikiweka vile, na kwa nini. Hilo nimelielewa.

La Moïse sijalielewa. Samahani nilishasema mara tatu, akajibu "sawa" mara tatu.

Kama kuna mtu humu aliwahi kumwangalia rafiki usoni akamdanganya, aje atuambie alirudi vipi kwake. Matusi pia nitapokea, nayastahili kiasi. Kesho asubuhi atapiga honi, na sina hata sentensi ya kuanzia.